Bangili ya Zuwena

Raya, mwanangu, ini langu,

Salamu nimekupa asubuhi ulipoamka, na nyingine nitakupa kesho kwenye gari la shamba la kukupeleka Kizimkazi kwa mumeo, kwa hiyo hapa naziruka. Nina haraka. Umekwenda Ng'ambo kuwaaga shangazi zako, na shangazi zako nawajua: mpaka wamalize kulia na kukulisha, magharibi itakuwa imeingia. Nimekaa ukumbini, dirisha la uchochoroni liko wazi, sanduku lako liko mbele yangu limeshafungwa kamba. Naandika kwa kalamu ya risasi ya nduguyo, na mwandiko ni ule ule wa darasa la nne. Ukikuta neno limekatika liunge mwenyewe.

Sikuandikii habari ya kuchuja tui, wala ya saa ya kuamka mbele ya bibi yake Makame mumeo, wala namna ya kumpokea mgeni. Hayo unayajua, na usiyoyajua umefunzwa na somo yako, kungwi wako Bi Kazija, siku zote zile za harusi mlizojifungia chumbani mkicheka. Nataka kukuandikia lile ambalo Bi Kazija hakukufunza.

Una mimba, Raya.

Kaa kitako uvute pumzi. Najua hujaniambia. Hukutakiwa kuniambia, nami sikutakiwa kukuuliza, ndiyo ada tuliyoikuta. Mama hazungumzi na mwanawe habari za tumbo. Hayo ni ya somo, na somo mwenyewe huyasema kwa mafumbo, mlango umefungwa. Mimba haitajwi mpaka ijitaje yenyewe, ati jicho la hasidi lisiiwahi. Basi mwezi mzima huu, mlivyokaa kwetu tangu harusi, tumekuwa tukichezeana, wewe na mie. Ukisikia harufu ya samaki anakaangwa unakumbuka ghafla kwamba una nguo za kuanua darini. Nimekuona unamung'unya vipande vya udongo ulivyovifunga kwenye pindo la kanga. Juzi nilikuta chembe zake kitandani kwako, nikazipangusa kimya kimya, nikajifanya sikuona. Ndivyo mama yangu alivyojifanya kwangu, na bibi yangu kwa mama. Sisi katika ukoo huu tumerithishana kujifanya kama wengine wanavyorithishana nyumba.

Mie nimechoka nao urithi huo. Ulimi wangu ada imeufunga, sawa. Lakini hakuna aliyesema neno juu ya mkono. Naandika.

Usidhani sikujaribu njia ya heshima kwanza. Kabla ya harusi yako nilimfuata Bi Kazija kwake, nikamkuta anachambua karafuu za kufukizia. Nikamwambia, "Bi Kazija, shikamoo. Mwanangu utakapomfunza, mfunze na dalili za hatari za mimba. Mwambie akivimba uso na mikono asikae. Mwambie akiona damu kabla ya wakati wake asikae."

Akanitazama kama niliyemtemea mate kwenye karafuu zake. "Mie nafunza mwari kuishi na mume," akasema, "sifunzi kufa."

"Ndiyo nataka aishi, Bi Kazija."

"Bibi harusi hatishwi, weye mtoto. Ukimtisha damu yake inakimbia. Nenda zako ukakaange kahawa."

Nilirudi nyumbani nikaikaanga ile kahawa mpaka ikaungua. Hatishwi! Mwari anafunzwa kukunja nguo ya mume kwa namna saba, anafunzwa kufukiza udi mpaka kwenye nywele, anafunzwa asicheke kwa sauti mbele ya wakwe. Lakini lile litakaloweza kumuua kabla hajatimiza mwaka halisemwi, maana litamtisha. Simlaumu Bi Kazija peke yake. Naye hakufunzwa. Ila hasira yangu haijui kuchagua, imewajaa wote.

Sasa nikuhadithie habari ya mama yako mkubwa, Zuwena.

Wewe umekua ukiambiwa dada yangu alichukuliwa na shetani. Ndivyo tulivyokubaliana kusema mbele ya watoto, na watu wazima wengi wanaamini hivyo mpaka leo. Siyo kweli, na leo nataka uijue kweli, maana kesho unakwenda mahali ambapo hutakuwa na mimi.

Zuwena aliolewa Kiponda, kwa Salim, na waliishi nyumba moja na mama yake Salim, Bi Shawana. Mimba ilikuwa yake ya kwanza. Wewe ulikuwa unatambaa, na mie nilikuwa msichana tu, umri wako huu huu. Salim alikuwa amekwenda Pemba msimu wa karafuu. Mimba ilipokuwa kubwa, Zuwena akaanza kuumuka. Kwanza miguu, ambayo kila mtu alisema ndiyo uzito wa mtoto. Kisha mikono. Kisha uso, mpaka macho yakawa madogo. Na unajua watu walisemaje? Walimsifu! Kila mwanamke aliyeingia nyumba ile alipiga kigelegele kidogo cha kichinichini na kusema, "Mashaallah, amenawiri! Uso umejaa, huyo mtoto wa kiume!" Na mie nilisema. Nilimshika mashavu nikamwambia, "Dada, umenawiri kama mke wa tajiri."

Alikuwa na bangili mbili za fedha alizopewa siku ya harusi. Siku moja akasema zinambana, mkono unakufa ganzi. Tukamkalisha, nikampaka mafuta ya nazi, nikampaka sabuni, nikavuta. Hazikutoka. Nyama ilikuwa imezimeza. Tukacheka, Raya. Bi Shawana akasema kutoka jikoni, "Ziacheni zimbane, ndiyo neema hiyo. Mkono unaopwaya bangili ni mkono wa maskini." Tukazidi kucheka. Zuwena alicheka pia, lakini ameshika kichwa.

Siku ya pili nilipokwenda asubuhi nilimkuta amelala amejifunika uso. Akaniambia, "Kichwa kinanipasuka, na mbele ya macho naona vimulimuli."

"Vimulimuli mchana huu?"

"Wanaruka ruka. Hebu wafukuze."

Nikapunga hewa kwa ukaya wangu, shela la kichwani, ili kumfurahisha. Sikujua ninapunga nini. Saa moja baadaye alikakamaa, akang'ata ulimi, akatikisika kitanda kizima. Mama yangu aliitwa, akaja mbio bila buibui, na akasema neno ambalo namshukuru kwalo mpaka leo. Alisema, "Mpelekeni hospitali."

Hospitali, mwanangu, ilikuwa karibu. Chai ungeimimina pale Kiponda ukaifikisha hospitali bado ya moto. Rukwama ilikuwapo mlangoni, ya jirani anayechukuza maji. Kulikuwa hakuna kilichokosekana ila kitu kimoja. Bi Shawana alisimama mlangoni akasema, "Atoke kwa ruhusa ya nani?"

Mama akasema, "Ya nani? Huoni hali yake?"

"Naona. Lakini huyu mke wa watu. Mumewe yuko Pemba. Akirudi akaniuliza mkewe katolewa ndani kwa idhini ya nani, akafunuliwa na madaktari wanaume kwa idhini ya nani, mie nimjibu nini? Tumpelekee simu ya maandishi. Akijibu, mie wa kwanza kumbeba."

Ikapelekwa simu. Nasi tukakaa kungoja jibu kutoka Pemba, huku akiitwa mtu wa kumfukiza, maana kwa kukakamaa kule walishaamua ni shetani. Chumba kikajaa moshi. Kila alipotulia wakasema shetani amekubali; kila alipokakamaa wakasema shetani ana kiburi. Mama aliomba, akapiga magoti, mwisho akatukana. Akaambiwa anamvunjia heshima mkwewe. Alasiri ilipoadhiniwa Zuwena hakuwa akikakamaa tena, na mtoto naye hakuwa akicheza tena.

Wakati wa kumwosha, bangili hazikutoka. Ilibidi aazimwe sonara wa jirani mkasi wake, na mama yangu ndiye aliyezikata, kwa mkono wake, kwenye mkono wa mwanawe.

Jibu la simu lilifika siku ya khitma. Msomaji mmoja alilisoma kwa sauti kabla hajajua lina nini. Lilikuwa neno moja: Mpelekeni.

Hilo ndilo linaloniunguza. Salim maskini hakukataa. Bi Shawana hakukataa, alikuwa anangoja tu. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyekuwa adui wa Zuwena, walimpenda wote, na walimlia mpaka sauti zikawakauka. Angekuwapo adui mmoja ningemchukia huyo nikapumzika.

Baadaye nilipokuwa na mimba ya nduguyo nilikwenda kliniki. Baba yako hakunizuia, Mungu amjaze heri, na watu waliniambia nimshukuru sana. Nilimshukuru. Lakini moyoni nilijiuliza kwa nini mtu amshukuru mwenziwe kwa kumfungulia mlango wa nyumba inayowaka. Nilikwenda nimejishusha buibui mpaka puani, kwa aibu, maana mwanamke akionekana katika mlango ule ndiyo kaitangaza mimba yake mji mzima. Ndani nikawakuta wenzangu wote wamejishusha buibui vile vile. Tulikaa kwenye mabenchi kama wezi waliokamatwa pamoja.

Mkunga wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. Alichukua mkojo wangu akautia kwenye kichupa chembamba cha gilasi, akakishika juu ya moto wa spiriti. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Ukiganda ukawa mweupe kama ute wa yai lililoiva, mimba haiko salama. Wako safi." Kisha akanifunga kitambaa cha mpira mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza damu yangu ilivyopanda.

Hapo ndipo nilipomwuliza lile nililokuja nalo. Nikasema, "Bibi, na mwanamke akivimba uso na mikono, kichwa kikamuuma, akaona vimulimuli mbele ya macho, ndiyo nini?"

Akaacha kusikiliza. "Huyo halali nyumbani hata siku moja," akasema. "Ni nani? Yuko wapi? Mlete sasa hivi."

Nikamwambia, "Nimeshamzika."

Alikifungua kile kitambaa cha mpira polepole. Mie nilitoka pale nikiwa na mimba njema na hasira ambayo haijanitoka mpaka leo. Kumbe kulikuwa na watu wanaojua! Kumbe dalili zile zina jina, zina dawa, zina kitanda kinachozingoja, hatua chache kutoka mlango ambao sisi tulikaa tukiwapungia vimulimuli kwa ukaya! Kabla ya siku ile nilikuwa na huzuni, na huzuni mtu anaweza kuipikia, kuifulia nguo, kuishi nayo. Kujua ndiko kulikonichoma.

Ukimwambia mtu haya atakujibu, "Ajali ni ya Mungu, siku yake ilifika." Naam, ni ya Mungu, mie sibishani na Mola wangu. Lakini mbona paa likivuja tunamwita fundi? Mbona mbuzi akishindwa kuzaa watu wa shamba wanakesha naye, wanatia mikono, wanamtafuta mjuzi hata kijiji cha pili? Kudra inakumbukwa haraka sana anapokuwa mwanamke. Na wanaume barazani siku hizi hawana mazungumzo ila uchaguzi, nani ana haki ya kupiga kura na nani hana, wanapigiana kelele mpaka kahawa inapoa. Napita mbele yao na kikapu changu nataka kuuliza: na haki ya kutoka nje ya mlango, hiyo inapigiwa kura lini?

Haya, nisije nikalichana karatasi. Nikuchekeshe kidogo.

Unamjua Mize wa bajia. Basi tulikuwa kliniki pamoja. Mize alivumisha kwamba mkojo ule wote unapelekwa kumwagiliwa bustani ya Balozi wa Kiingereza, ndiyo maana maua yake mekundu. Siku moja tumekaa kwenye benchi, akanisogelea na kichupa chake kitupu ndani ya buibui.

"Shoga," akasema, "wako ulisemwa mzuri."

"Alhamdulillahi."

"Basi hebu nitilie kidogo na mie humu."

"Mize, una wazimu? Mkojo hauazimwi. Ungo huazimwa, kinu huazimwa."

"Wallahi wakiukuta wangu mbaya watanilaza. Na nikilazwa nani atakaanga bajia? Nitilie, shoga, mbona choyo hivyo? Huo si unaumwaga tu!"

Nikaitazama miguu yake. Ilikuwa imeumuka kama mkate wa kumimina, imefura juu ya kanda za viatu. Nikaiona ya Zuwena. Nilisimama pale pale nikamwita mkunga kwa sauti, mbele ya wote, "Bibi, muanze huyu!" Mize alinitukana matusi ya sokoni ambayo siwezi kuyaandika kwa kalamu ya mtoto. Walimlaza. Alikaa huko mpaka akajifungua, na hakusema nami mpaka arubaini ilipokwisha, kisha akaja na sahani ya bajia akaiweka hapo mlangoni, akasema, "Kula, mchawi weye." Yule Abdalla unayemrushia maneno kila asubuhi, ambaye mdomo wake haufungi, ndiye aliyekuwa tumboni siku ile. Kila akipita anapiga kelele mimi husema moyoni, piga, baba, piga.

Na wa hospitali nao siwasamehe kila kitu. Wapo wanaotukaripia kama watoto. Mmoja alinifokea, "Nyinyi wanawake wa hapa mnajificha mpaka mtoto anachungulia, ndipo mnakuja!" Maneno yake yalikuwa ya kweli lakini aliyasema kwa kinywa kibaya, na wawili waliokuwa nyuma yangu walijikunyata wakaondoka, hawakurudi. Nawe yanaweza kukupata. Ukikaripiwa, inamisha macho na ukae pale pale kwenye benchi. Hukwenda kuutazama uso wa mtu, umekwenda kupimwa damu yako.

Kizimkazi kuna mkunga wa kijiji, na nasikia ana mikono mizuri. Mheshimu, mwamkie, mpelekee zawadi. Mikono yake itakufaa sana siku ya siku. Lakini mikono haiwezi kuiona damu inayopanda, wala haichemshi mkojo. Iko zahanati upande ule ule wa kusini. Si ya kutupia jiwe, lakini si safari ya Hija. Nenda mapema, nenda mwezi huu, tumbo likiwa bado siri yako. Watasema umejitangaza. Na wajue! Hasidi ana jicho moja, ujinga una elfu. Na huo udongo unaoutamani hivyo, mwambie mkunga wa hiyo zahanati. Damu ikipungua mwilini hutamani vitu kama hivyo, nawe kope zako za ndani nimeziona nyeupe. Usione haya. Na mtoto akishaanza kucheza, msikilize kila siku kama unavyomsikiliza mtu chumba cha pili. Akikaa kimya siku nzima, usiambiwe amelala.

Sasa nikwambie nililolifanya leo, usije ukalisikia kwa mwingine.

Makame aliporudi mchana kufunga sanduku, wewe umeshaondoka, nilimkalisha hapa ukumbini. Nilikuwa nimemwita Bi Kazija kwa makusudi, na baba yako alikuwapo, amejifanya anarekebisha taa.

"Makame, mwanangu," nikasema, "nataka ruhusa kwako."

"Ruhusa gani, mama?"

"Ya Raya kutoka nyumbani kwako."

Rangi ilimtoka kijana wa watu. Kamba ikamwanguka. "Mama," akasema, "kwani nimekosa nini? Tumeoana juzi tu!" Alidhani namdai talaka! Bi Kazija akashika mdomo, "Astaghfirullahi, mwanamke huyu ameingiwa na nini?" Baba yako akadondosha kioo cha taa. Ndiyo maana usiku huu tutakaa na kibatari.

Nikamwambia, "Tulia, sitaki talaka yako. Nakuuliza hivi. Wewe ukenda dago na wenzio, mkapiga kambi huko mbali mnavua, mnakaa muda gani?"

"Pengine mwezi, mama. Samaki wakiwapo, zaidi."

"Na Raya akishikwa na la kushikwa, wewe huko dago, nani atamruhusu kutoka?"

Akafikiri. "Bibi yangu ndiye mkubwa wa nyumba. Lakini bibi... bibi atasema ningojewe."

"Basi mie sitaki ungojewe. Nataka uitoe leo, hapa, mbele ya somo yake na mbele ya baba yake, ruhusa ya kliniki na ruhusa ya hospitali, mchana na usiku, uwepo usiwepo."

Bi Kazija akasema, "Ada haiko hivyo. Ruhusa haitolewi ya akiba kama samli." Baba yako naye akanikoholea kile kikohozi chake, akasema, "Mama Raya, mambo ya nyumba ya watu hayo." Nami nilikuwa tayari kugombana na wote, nimeshajifunga kibwebwe, nilipomwona Makame ametazama chini kwenye mkeka. Akaiokota ile kamba, akawa anaizungusha kidoleni.

Kisha akasema, "Mie nimelelewa na bibi. Mama yangu simjui hata sura. Nilimuua nilipozaliwa."

"Nani kakwambia ulimuua?" nikauliza.

"Ndivyo wanavyosema. Kifungua mimba kimemla mamake."

Raya, nililia hasira. Mtoto mzima, mrefu vile, amebeba maneno hayo tangu hajajua kutembea, kwa sababu hakuna aliyetaka kusema kwamba mama yake alikaa na damu au kifafa au homa, akangojewa kitu. Nikamwambia, "Hukumuua, baba. Walikosa kujua, wakakutwisha wewe." Sikujali yeye ni mkwe na mie ni mkwe, nilimshika mkono.

Akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akakaa sawa, akasema wazi, sauti ya mwanamume: "Bi Kazija shahidi, na baba shahidi. Raya nimempa ruhusa ya kwenda kupimwa na ya kwenda hospitali, wakati wowote, niwepo nisiwepo. Na wa kumzuia, kanizuia mie." Akaongeza, "Na bibi nitamwambia mwenyewe kesho tukishuka garini, kabla sijanywa maji."

Bi Kazija akakusanya ukaya wake, akasema, "Basi haya. Nimesikia." Alipofika mlangoni akageuka, "Na Raya akirudi kutoka Ng'ambo mlete kwangu. Nina neno sikumfunza." Nimekaa nacheka na kulia kama mwendawazimu. Utakwenda kumsikiliza. Jifanye hujui, umpe raha yake.

Namwamini Makame. Lakini watu wapya hubadilika wakirudi katikati ya watu wao wa zamani, kwa hiyo maneno yake nimekuandikia kama alivyoyasema, uyahifadhi kifuani. Siku mtu akisimama mlangoni akakuuliza kwa ruhusa ya nani, huna haja ya kulia wala kupiga magoti kama bibi yako alivyopiga. Yaseme tu, kama yalivyo, kisha upite.

Kitu cha mwisho kimo ndani ya kanga hizi mpya ninazokupa pamoja na barua hii, nimekifunga kwa uzi. Ni bangili ya fedha. Zilikuwa mbili, na mama yangu alizipeleka kwa sonara yule yule akaziunga. Ukipitisha kidole utasikia kovu pale zilipokatwa. Moja ni yako. Ivae mkono wa kulia, na kila asubuhi kabla hujafungua dirisha, izungushe mpaka imalize mkono mzima. Ipwaye. Acha waseme ni mkono wa maskini. Nyingine ninayo mie, na kila asubuhi nitaizungusha yangu huku nikijua nawe wazungusha yako huko.

Siku itakayogoma, usimwite mtu aje akwambie umenawiri. Usingoje dago irudi. Vaa buibui lako, mwambie yeyote aliye karibu akusindikize, na asipopatikana toka peke yako.

Ruhusa unayo.

Mama yako